Tiketi Zilipita Bajeti, Wawekezaji Wakabaki na Hasara: Kisa cha Drama Moja ya Bajeti Ndogo

Kuhusu kisa hiki

Filamu inayozungumziwa hapa ni drama ya familia ya dakika 104, iliyotengenezwa kwa bajeti ndogo, ikaonyeshwa kwanza katika majumba ya sinema ya nchi yake na baadaye ikauzwa nje. Jina la filamu, majina ya wahusika, nchi na sarafu vimeondolewa. Fedha zote zimegeuzwa kuwa vizio, na bajeti iliyoidhinishwa kabla ya kupiga picha ni vizio 100, hivyo msomaji anaweza kusoma kila namba kama asilimia ya bajeti hiyo. Mimi niliingia mwishoni, mtayarishaji aliponiomba nipitie taarifa za msambazaji na kumweleza kwa nini filamu ambayo magazeti yaliandika kwamba imerudisha gharama zake haikuwa imewarudishia wawekezaji hata theluthi ya fedha zao.

Fedha zilivyopatikana na zilivyogawanywa

Wawekezaji binafsi walitoa vizio 70. Mfuko wa umma wa filamu ulitoa ruzuku ya vizio 20 isiyorudishwa. Vizio 10 vilivyobaki havikuwa fedha taslimu: mwongozaji, mtayarishaji, mpigapicha mkuu na mhariri walikubali kuahirisha sehemu ya ujira wao hadi filamu itakapoanza kuingiza mapato. Mkataba ulisema kwamba wawekezaji wangerudishiwa vizio vyao 70 pamoja na nyongeza ya asilimia 20, yaani jumla ya vizio 84, ndipo walioahirisha ujira walipwe, na kitakachobaki kigawanywe nusu kwa nusu kati ya wawekezaji na watayarishaji.

Katika matumizi, fungu kubwa lilikuwa la mafundi na wafanyakazi wa seti, vizio 27, likifuatiwa na waigizaji, vizio 13, na vifaa vya kamera, taa na sauti, vizio 11. Uhariri, rangi, sauti na muziki vilitengewa vizio 8 tu, kiasi ambacho kilikuwa kidogo mno. Akiba ya dharura, ambayo kwa desturi ya kazi hii huwa asilimia 10, ilishushwa hadi 7 ili apatikane mwigizaji mkuu mwenye jina. Uamuzi huo wa mwisho naweza kuutetea. Drama haina mzimu wala gari linalolipuka la kuwekwa kwenye bango. Mnunuzi akiletewa drama, swali lake la kwanza ni nani anaigiza, na bila jibu zuri mazungumzo huishia hapo.

Bajeti hiyo, hata hivyo, haikuwa na fungu la kuikabidhi filamu kwa msambazaji, na hilo ni kosa lililorudi kuwadai watu hawa kila hatua.

Upigaji picha na uhariri

Picha zilipigwa kwa siku 22, na siku 15 kati ya hizo zilikuwa ndani ya nyumba moja. Muswada ulikuwa umeandikwa upya kwa makusudi ili matukio mengi yatokee humo, kwa sababu kila kuhamisha watu, taa na kamera kwenda eneo jingine hula karibu nusu siku ambayo mishahara yote inaendelea kulipwa bila picha hata moja kupatikana. Siku ya 9 mwigizaji mkuu aliugua, zikapotea siku mbili za ratiba yake. Mwongozaji msaidizi alizijaza kwa sehemu kwa kupiga matukio yasiyomhusu, na hasara ikaishia vizio 5, zote zikatoka kwenye akiba ya dharura.

Tatizo la pili lilikuwa la kujitakia. Katika tukio moja wahusika watatu wanaimba pamoja na redio wimbo unaojulikana sana, na hakuna aliyekuwa ameomba ruhusa kabla ya kupiga. Wimbo wa namna hiyo una haki mbili zinazoombwa mbalimbali, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na kwa kawaida wenye haki hizo ni watu tofauti. Kwa matumizi ya nchi zote na njia zote za maonyesho walitaka vizio 6. Walitoa pia njia ya bei nafuu: leseni ya matamasha ya filamu pekee, kwa mwaka mmoja. Mtayarishaji aliikataa, na alifanya vizuri, kwa kuwa leseni hiyo ingemrudisha mezani kwa wenye wimbo baada ya filamu kupendwa, wakati ambapo wao wangejua kwamba hawezi tena kuondoka. Aliagiza wimbo mpya kwa mtunzi wa muziki wa filamu, tukio likapigwa upya kwa nusu siku katika nyumba ileile, na gharama ikawa vizio 3. Viwili vilimaliza akiba ya dharura. Kimoja kilikuwa nje ya bajeti.

Toleo la kwanza la uhariri lilikuwa na dakika 127. Baada ya maonyesho matatu ya majaribio lilipunguzwa hadi 104. Sababu ya kisanaa ilikuwepo, maana watazamaji walichoka katikati, lakini ipo pia sababu ya hesabu ambayo waongozaji wengi hawaifikirii. Ukijumlisha matangazo ya mwanzo na muda wa kusafisha ukumbi, filamu inayopita saa mbili humpunguzia mwenye jumba onyesho moja kwa siku katika skrini hiyo, naye hulipiza kwa kuipa saa mbaya.

Kisha likaja suala la makabidhiano. Msambazaji yeyote makini hudai faili la kuonyeshea sinema, yaani DCP, mkondo wa sauti usio na maneno ili filamu iweze kuingizwa lugha nyingine, manukuu yaliyopangwa kwa muda, ukaguzi wa kiufundi, hati zinazothibitisha kwamba haki za muswada na kila kilichomo ni za mtayarishaji, na bima dhidi ya madai ya hakimiliki na kuchafuliwa jina. Vyote hivyo viligharimu vizio 7. Ukiongeza kile kizio kimoja cha wimbo, mtayarishaji alilazimika kukopa vizio 8 kwa muda mfupi, kwa masharti ya kurudisha 9 kabla ya mtu mwingine yeyote kulipwa. Kwa hiyo, hata kabla ya bango kubandikwa, wawekezaji walikuwa wamesogezwa nafasi moja nyuma katika foleni ya malipo.

Ofa mbili

Filamu ilipokelewa vizuri katika tamasha lake la kwanza, na ndani ya mwezi mmoja zikafika ofa mbili.

Ya kwanza ilitoka kwa kampuni inayoonyesha filamu kupitia intaneti. Ilitaka haki zote za dunia nzima, bila maonyesho ya sinema, kwa vizio 62 vya kulipwa kwa awamu tatu ndani ya miezi 18. Baada ya kulipa mkopo, wawekezaji wangepata vizio 53 kati ya 70 vyao.

Ya pili ilitoka kwa msambazaji wa ndani. Alitoa malipo ya uhakika ya vizio 15 wakati wa makabidhiano, naye achukue haki zote za nchi hiyo kwa miaka 10, zikiwamo sinema, televisheni na intaneti. Kamisheni yake ilikuwa asilimia 30 ya kila kitakachomfikia. Baada ya kamisheni angejirudishia gharama za matangazo, kisha yale malipo ya uhakika, ndipo mtayarishaji aanze kupata. Soko la nje lingeshughulikiwa na wakala kwa kamisheni ya asilimia 20 pamoja na gharama zisizozidi vizio 6.

Mkutano wa kuchagua ulidumu jioni nzima. Mwongozaji alitaka filamu ionekane kwenye skrini kubwa, na wawekezaji hawakutaka kutia saini hasara ya robo ya fedha zao wakati sifa za tamasha bado ni mbichi. Mmoja wao alikumbusha mfano wa Little Miss Sunshine ya 2006, filamu ya takriban dola milioni 8 iliyoingiza takriban dola milioni 100 duniani. Msambazaji naye alileta jedwali lenye makadirio matatu. Lile la katikati lilionyesha mapato ya mlangoni, yaani fedha za tiketi, ya vizio 150. Ofa ya pili ikapita bila mpinzani.

Filamu mlangoni

Filamu ilifunguliwa Ijumaa katika skrini 8 zilizochaguliwa kwa uangalifu, kwa matangazo ya vizio 18. Wiki ya kwanza iliingiza vizio 17 na ya pili 15, mapato ya mlangoni yakihesabiwa hapa baada ya kodi ya tiketi. Kushuka kwa asilimia 12 tu kati ya wiki mbili ni jambo la kujivunia katika biashara ambayo filamu nyingi hupoteza nusu ya mapato yake kwa muda huo. Watazamaji walikuwa wengi wao watu wazima, na maonyesho ya mchana katikati ya wiki yalijaa, dalili kwamba watu walikuwa wanaambizana.

Jumatatu baada ya wiki ya pili msambazaji aliamua kupanua hadi skrini 46. Hoja zake hazikuwa za kijinga: wastani wa kila skrini ulikuwa juu, wenye majumba walikuwa wanaiomba filamu wenyewe, na filamu kubwa ilikuwa inakuja wiki ya tano kunyakua skrini. Aliongeza vizio 26 vya matangazo, zaidi katika televisheni na mabango ya barabarani. Mtayarishaji alijulishwa kwa simu, na mkataba haukumpa haki ya kukataa.

Wiki ya tatu iliingiza vizio 36. Ilionekana ni ushindi, na ndiyo iliyoandikwa magazetini. Lakini wastani wa kila skrini ulikuwa umeporomoka kutoka karibu kizio 1.9 hadi chini ya 0.8. Wiki ya nne ikaleta 19, na wiki zote zilizofuata zikaleta 23. Jumla ya mapato ya mlangoni ikafika vizio 110.

Fedha zilikokwenda

Kati ya vizio 110, majumba ya sinema yalibaki na asilimia 55 kwa wastani wa kipindi chote, kwa kuwa sehemu ya msambazaji hupungua kadiri wiki zinavyosonga. Msambazaji alipokea vizio 49.5. Alitoa kamisheni yake ya vizio 14.85, vikabaki 34.65. Gharama za matangazo zilikuwa 44. Sinema pekee, basi, iliacha deni la vizio 9.35, juu ya vile 15 vya malipo ya uhakika ambavyo vilikuwa bado havijarudi.

Haki za televisheni na intaneti za ndani ziliuzwa kwa vizio 30. Baada ya kamisheni vilibaki 21, na kwa kuwa mkataba uliunganisha akaunti zote, vilikwenda vyote kuziba deni la vizio 24.35. Bado vilipungua 3.35. Hivyo nchi ilikotengenezwa, pamoja na watazamaji wake wote, haikumpa mtayarishaji chochote zaidi ya vile vizio 15 alivyopewa mwanzoni.

Soko la nje lilileta vizio 24; wakala alitoa 4.8 vya kamisheni na 6 vya gharama, vikabaki 13.2. Jumla iliyomfikia mtayarishaji ni vizio 28.2. Mkopo ulichukua 9. Wawekezaji waligawana 19.2, yaani asilimia 27 ya walichoweka. Wale wanne walioahirisha ujira hawakupata kitu.

Nilikagua ankara za msambazaji moja baada ya nyingine, kwa sababu mtayarishaji alishuku wizi. Sikuuona. Kila gharama ilikuwa na risiti na kila asilimia ilikuwa kwenye mkataba. Kwamba filamu inaweza kujaza kumbi na isionyeshe faida kwa kanuni za mkataba halali si jambo geni: Coming to America ya 1988 iliingiza zaidi ya dola milioni 288 duniani, na studio yake ikadai haikuwa na faida halisi ya kugawana, ilibidi mahakama ya Los Angeles mwaka 1990 iseme kwamba vipengele kadhaa vya kanuni hiyo vilikandamiza kupita kiasi. Wahusika wa kisa hiki hawakuwa na hoja ya kupeleka mahakamani. Walikuwa wametia saini foleni waliyosimama mwisho wake.

Uchambuzi: namba ambayo haikukokotolewa

Ipo namba moja ambayo ingebadilisha mazungumzo ya jioni ile. Kila kizio kilicholipwa mlangoni kilimfikia msambazaji kama 0.45, na baada ya kamisheni kikabaki 0.315. Maana yake, kurudisha kizio kimoja tu cha matangazo kunahitaji tiketi za karibu vizio 3.2, na hapo mtayarishaji bado hajapata kitu. Vizio 44 vya matangazo vilihitaji mapato ya mlangoni ya karibu vizio 140 ili sinema isiache deni. Asilimia hizi hutofautiana kutoka mkataba hadi mkataba, lakini mtayarishaji yeyote anaweza kukokotoa namba yake kabla ya kutia saini, kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue jedwali la msambazaji. Kwa makadirio yake ya katikati, mapato ya mlangoni ya 150 yangeacha vizio 47.25 baada ya majumba na kamisheni. Ukitoa matangazo ya awali ya 18 na kuongeza 21 vya televisheni na 13.2 vya nje, kama vilivyopatikana kweli, mtayarishaji angepokea vizio 63.45. Ofa iliyokataliwa ilikuwa 62. Hata mambo yangekwenda kama yalivyotabiriwa, na bila senti ya ziada ya matangazo, faida ya kuchagua njia ya pili isingefika vizio viwili, nayo ingelipwa polepole na ikiwa na hatari zote. Mkutano ulilinganisha 62 na 150, wakati moja ilikuwa fedha ya mtayarishaji na nyingine fedha ya watu wengi, yeye akiwa wa mwisho wao.

Mfano wa Little Miss Sunshine nao ulisomwa kinyume. Haki zake zilinunuliwa katika tamasha la Sundance kwa dola milioni 10.5, kwa hiyo waliogharamia utengenezaji walikuwa wamepata bei inayozidi gharama yao kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa, na hatari ya matangazo ikabebwa na mnunuzi. Mfano huo uliunga mkono kuuza.

Sisemi kwamba kuchagua sinema ni kosa lenyewe. Mwongozaji alipata watazamaji waliokaa gizani pamoja na filamu yake, na bei ya haki za televisheni na ya nje huenda ilisaidiwa na sifa za mlangoni. Kosa ni kuchagua bila kujua kwamba wanalipia kitu hicho, na ni kiasi gani.

Uchambuzi: upanuzi

Vizio 26 vya nyongeza vilihitaji tiketi za vizio 82.5 ili vijirudishe. Tiketi zote zilizouzwa baada ya upanuzi zilikuwa 78, na humo zimo zile za skrini 8 za mwanzo ambazo zingeuzwa kwa vyovyote. Nilijaribu kukadiria njia nyembamba zaidi: kufika skrini 14 kwa matangazo ya vizio 5, na tiketi za vizio 38 baada ya wiki ya pili. Kwa makadirio hayo mtayarishaji angepokea vizio 33.25 badala ya 28.2. Ni nafuu ya vizio vitano, wala haiokoi uwekezaji, na ndiyo maana siwezi kuutwika upanuzi lawama yote kama mtayarishaji alivyofanya alipoonana nami mara ya kwanza.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba aliyeamua hakuwa anatumia fedha iliyo hatarini kwa kiwango sawa na wengine. Kamisheni ya msambazaji hutoka kabla ya gharama. Kadiri tiketi zinavyoongezeka, naye huongezeka, hata pale ambapo kila tiketi ya ziada inamwongezea mtayarishaji deni. Katika kisa hiki naye alibaki na pengo la vizio 3.35, lakini mkononi alikuwa na kamisheni ya vizio 23.85. Mkataba ulisema angerudishiwa "gharama zinazofaa", maneno mawili ambayo yaligharimu zaidi kuliko mwigizaji mkuu. Kikomo cha matangazo kinachohitaji idhini ya maandishi kukipita, kutenganisha akaunti ya sinema na ya televisheni, au asilimia ndogo inayomfikia mtayarishaji tangu mapato ya kwanza, ni vipengele vinavyojadiliwa kila siku katika mikataba ya aina hii. Akaunti zingetenganishwa, televisheni peke yake ingerudisha malipo ya uhakika na kuacha vizio 6 kwa mtayarishaji, upanuzi au hakuna upanuzi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Seti iliendeshwa kwa nidhamu ambayo ningependa kuiona mara nyingi zaidi. Nyumba moja, ratiba iliyoweza kugeuzwa mwigizaji alipougua, wimbo ulioondolewa mapema, na dakika 23 zilizokatwa bila kumwonea mwongozaji aibu: hayo yote ndiyo yaliyofanya filamu imalizike kwa kuzidi bajeti ya utengenezaji kwa kizio kimoja tu. Ruzuku ya vizio 20 nayo ilifanya kazi kubwa kimyakimya, kwani ingekuwa ya wawekezaji, hasara ingewagusa wengi zaidi.

Malipo yaliyoahirishwa sitayaweka katika orodha hiyo. Yaliandikwa kwenye bajeti kama chanzo cha fedha, ilhali yalikuwa mkopo wa wafanyakazi uliokaa nyuma ya vizio 84 vya wawekezaji na mkopo wa vizio 9. Kwa mkataba huo, ili mhariri alipwe alichoahirisha, mtayarishaji alihitaji kupokea vizio 93 kwanza. Hakuna aliyewaambia namba hiyo wanne hao walipokuwa wanatia saini.

Mtayarishaji sasa anaandaa filamu ya pili na timu karibu ileile. Bajeti yake ina fungu la makabidhiano la vizio 8, akiba ya dharura ya 10, na rasimu ya mkataba wa usambazaji yenye kikomo cha matangazo. Mpigapicha mkuu amekubali kurudi kwa ujira uliopunguzwa kwa theluthi, kwa sharti kwamba wote ulipwe taslimu, kila Ijumaa, seti ikiwa bado imewashwa taa.